Mjukuu wa Singer na mkufu wa Cartier: nani hasa alidizaini?

Ukipita kwa fundi yeyote wa mtaani ukaangalia ile cherehani nyeusi ya kukanyaga, utaona maandishi ya dhahabu yaliyoanza kufifia: Singer. Ndo ile ambayo bibi akifariki watu wanaanza kuulizana kimyakimya nani anabaki nayo. Singer walijua kuuza bwana, toka miaka ya 1850 walikuwa wanatoa mashine kwa mkopo, unalipa kidogo kidogo, na kwa mtindo huo cherehani ikaingia kwenye nyumba ambazo hata meza ya maana hazikuwa nayo, ikaja mpaka kwetu. Sasa umewahi kujiuliza zile hela zikishakusanyika zilikuwa zinaenda wapi? Nyingine ziliishia shingoni kwa mdada mmoja wa Paris aitwaye Daisy Fellowes, kwenye mkufu ambao watu wa vito wakiutaja mpaka leo ni kama wanamtaja mtu.

Daisy alizaliwa Paris mwaka 1890. Baba yake ni mtoto wa ukoo wa vyeo vya Ufaransa, mama yake ni binti wa Isaac Singer mwenyewe, yule Mmarekani aliyepata hataza ya cherehani yake 1851 akaja kufa 1875 huku ameacha mali nyingi na watoto zaidi ya ishirini kwa wanawake tofauti (huyo mzee anahitaji makala yake peke yake, tumuache). Mama akafariki Daisy bado mdogo, akalelewa na mama yake mkubwa Winnaretta, ambaye sebule yake ilikuwa kijiwe cha wanamuziki wakubwa wa Paris. Akaolewa na mwanamfalme, akafiwa, akaolewa tena na benka Mwingereza Reginald Fellowes, binamu yake Winston Churchill. Kwahiyo unaelewa, huyu hakuwa mtu wa kuulizia bei.

Na kwa jinsi anavyosimuliwa hakuwa mtu mzuri pia. Mdomo mkali, waume za watu hakuwaogopa, na kumuumbua mtu mbele za watu kwake ilikuwa burudani. Naliweka hilo mapema ili mtu asije akasema namtetea. Simtetei tabia. Ninachobishania ni kitu kingine kabisa: hawa wamama wa sosaiti wa karne iliyopita, wale wa picha na sherehe za dansi na minong'ono, wametuachia vitu ambavyo vinasifiwa kila siku, lakini sifa zenyewe anapewa mtu mwingine. Wao wanabaki kuitwa "wateja".

Tuuangalie huo mkufu basi. Mwaka 1936 Daisy alienda Cartier, duka kubwa la vito la Paris, ila hakwenda kununua kilichopo dirishani. Alienda na vitu vyake, vito alivyokuwa anavaa miaka ya nyuma, akasema bomoeni, toeni mawe, nitengenezeeni kidani cha Kihindi. Zikatoka zumaridi na yakuti nyekundu na za bluu zilizochongwa majani na matunda, kazi za mafundi wa India, zikapangwa upya zinaning'inia kama kichaka cha mvua ya masika, na chini yake yakuti za bluu 13 zenye umbo la tone. Nyuma hakukuwa na kishikizo cha kizungu, kulikuwa na kamba ya hariri ya kufunga kama wanavyofunga huko India. Cartier wenyewe walikuwa na uhusiano wa muda na India, Jacques Cartier alifika Delhi 1911 wakati wa sherehe ya mfalme wa Uingereza akaanza kuuziana mawe na maharaja, na mtindo huu wa mawe ya rangirangi baadaye ukaja kuitwa tutti frutti. Lakini vipande vingi vya mtindo huo ni vidogo, vya adabu. Hiki cha Daisy hakina adabu. Kimejaa. Ukikiangalia unaona kabisa kuna mtu alikuwa amesimama pale anasema "ongeza".

Hapo nimkumbuke bibi yangu. Alikuwa na bangili mbili za dhahabu za harusi yake, na shangazi alipokaribia kuolewa bibi akazifunga kwenye leso akaenda nazo kwa sonara. Ziyeyushwe, ziwe mkufu, na kidani chake kiwe na umbo la korosho. Alirudi pale mara nne. Hapana sio hivi, hapa pananyong'onyea, hapa pana uzito, hii korosho gani imekonda hivi. Yule sonara alifikia hatua akimuona bibi anavuka barabara anajifanya anahesabu hela. Mkufu ukatoka, mzuri mpaka leo, na nyumbani kwetu hakuna hata mtu mmoja anayejua jina la yule sonara. Tunasema mkufu wa bibi, basi.

Sasa ona ilivyo kichekesho. Kwetu fundi anasahaulika anabaki mteja. Kwao ni kinyume, mteja anayeyuka inabaki jina la duka. Daisy alileta mawe, alileta wazo, na akauvaa kwa namna iliyofanya ujulikane, ila mkufu ni "wa Cartier". Na ndani ya hiyo Cartier kuna mafundi waliokaa na koleo na lenzi miezi na miezi ambao nao hawatajwi. Kwahiyo wamedhulumiwa watu wa pande mbili, katikati limesimama duka linapigiwa makofi.

Kuna watu watasema kuleta mawe sio kudizaini, kudizaini ni kuchora. Mi hilo silikubali na kila mtu aliyewahi kupeleka kitenge kwa fundi halikubali pia. Unaenda na picha tatu kwenye simu, unataka shingo ya hii, mikono ya ile, mgongo wa ile nyingine ila usiwe wazi sana kwasababu mkwe atakuwepo. Fundi anakata. Gauni likitoka zuri nani kadizaini? Likiharibika ndo utajua, maana fundi atasema wewe ndo ulitaka hivyo.

Afu hata ndani ya Cartier hoja ya kuchora inakufa. Kuanzia 1933 aliyesimamia vito vya hadhi ya juu pale alikuwa mwanamke, Jeanne Toussaint, na Toussaint hakuwa mtu wa penseli. Wachoraji walikuwepo, yeye alikuwa anachagua, anakataa, anarudisha, anasema huyu chui hana nyama mgongoni. Wale chui maarufu wa Cartier ni jicho lake. Na mtu aliyewavaa mpaka wakawa gumzo ni Wallis Simpson, yule Mmarekani aliyemfanya Edward VIII aachie kiti cha ufalme Desemba 1936. Mwaka 1949 Wallis akawa na ile pini ya kifuani ya chui aliyekaa juu ya yakuti ya bluu ya mviringo yenye karati zaidi ya 152, yaani jiwe kama yai dogo la kuku na mnyama ameliparamia.

Ila kwa Wallis naomba niwe mchoyo kidogo wa sifa. Kwake naona zaidi Toussaint na mume asiye na kazi ya kufanya ambaye alikuwa anahonga vito kama mtu anayelipa deni. Wallis alijua kuvaa, hilo halina ubishi, alivaa gauni kavu lisilo na kitu ili jiwe lipige kelele peke yake, na huo nao ni ufundi. Lakini umaarufu wa vile vito ni wa skendo. Alipofariki 1986 vikapelekwa mnadani Geneva, Aprili 1987, Sotheby's wakauza kwa zaidi ya dola milioni 50, mara kadhaa ya walivyokadiria, na hela ikaenda Taasisi ya Pasteur ya utafiti wa magonjwa. Elizabeth Taylor naye alinunua pini moja. Watu hawakununua mawe pale, walinunua hadithi ya mfalme aliyekimbia kiti. Na humo kwenye hadithi kuna ukurasa ambao wauzaji hawakuusoma kwa sauti, ile ziara ya 1937 ya mume na mke kwenda kupeana mikono na Hitler.

Turudi kwa Daisy kwasababu kuna kipande watu wanakiruka. Kati ya 1933 na 1935 alikuwa mhariri wa Paris wa jarida la Harper's Bazaar. Unaweza kusema aah, kazi ya kupewa, tajiri kapata kadi ya kuingilia maonyesho. Inawezekana. Lakini jarida la fesheni enzi hizo liliishi kwa kitu kimoja, kujua kesho watu watataka nini, na Daisy kesho alikuwa anaivaa leo. Mbunifu wa mavazi Elsa Schiaparelli akatengeneza kofia yenye umbo la kiatu cha kike, kwa wazo la mchoraji Salvador Dalí, kiatu kabisa kimegeuzwa kisigino juu, nani atavaa upuuzi huo kichwani? Daisy akavaa. Ile pinki kali ya Schiaparelli, ile inayouma macho, inahusishwa na almasi ya pinki ya Cartier ya karati 17 na kitu ambayo Daisy alikuwa nayo. Yaani jiwe la mwanamke mmoja likawa rangi, rangi ikawa boksi la manukato mwaka 1937, na leo mtoto wa shule akitaka lipstiki ya pinki hajui kama kuna mama aliyemtangulia.

Kwenye majarida ndo udhulumu unakuwa wazi zaidi. Ukisoma dizaini chuo chochote utafundishwa jina la Alexey Brodovitch, Mrusi aliyekuwa mkurugenzi wa sanaa wa Harper's Bazaar kuanzia 1934 mpaka 1958. Aliacha nafasi nyeupe kwenye kurasa wakati wenzake wanajaza mpaka pembeni, akazichukua kurasa mbili zinazotazamana akazifanya picha moja, maandishi akayapindisha yafuate mwili wa mwanamitindo. Fundi kweli, sibishi. Lakini nani aliyemleta? Carmel Snow, mhariri mkuu, aliona kazi zake kwenye maonyesho akamuita na kumpa kazi palepale. Mwanamke huyohuyo mwaka 1936 akamuona mama mmoja wa sosaiti anacheza muziki hotelini New York, gauni jeupe la Chanel, maua ya waridi kichwani, kesho yake akamtafuta amwajiri. Yule mama alikuwa Diana Vreeland, hajawahi kukaa ofisini maisha yake yote. Kwahiyo Snow alichagua watu wawili, na kwa hao wawili jarida likabadilika sura kwa zaidi ya miaka ishirini. Hiyo sio dizaini? Basi kocha naye hachezi mpira.

Vreeland nampenda bila kujificha. Hakuwa mzuri wa sura kama inavyotakiwa na alijua, kwahiyo aliamua awe wa kuonekana. Kucha nyekundu, mashavu mekundu mpaka masikioni, bangili za pembe na za kila namna. Alianza na safu ya ushauri ambayo ilikuwa inawauliza wasomaji mbona hufanyi hivi, mbona hufanyi vile, na ushauri mmoja ulikuwa umuoshe mtoto wako mwenye nywele za rangi ya dhahabu kwa champeni iliyolala ili rangi ing'ae, mwaka 1936 hiyo, Marekani watu wanapanga foleni ya mkate! Watu walimcheka na walikuwa na haki. Ila mwaka 1962 akahamia jarida la Vogue na hapo ndo akafanya kitu ambacho kwenye vito nakiona kikubwa kuliko mkufu wowote wa Geneva. Akawajaza wanamitindo vito feki. Hereni kubwa kama visahani za mtengeneza vito feki Kenneth Jay Lane, plastiki, vioo, vitu vya bei ya chakula cha mchana, akavipiga picha kwa heshima ileile ya almasi. Mpaka hapo tajiri alikuwa anatambulika kwa uzito wa jiwe. Baada ya pale swali likawa umevaaje, sio umevaa cha shilingi ngapi. Kila mdada anayepita leo na hereni za mtumba zinazogusa bega na bado anageuza shingo za watu, hilo deni ni la Vreeland.

Wakamfukuza 1971. Alikuwa anatumia hela vibaya, na ni kweli alikuwa anatumia vibaya, 1966 alituma timu nzima Japani na makoti ya manyoya na mwanamitindo Veruschka kupiga picha kwenye theluji kana kwamba jarida lina mgodi. Akaenda jumba la makumbusho la Metropolitan la New York, kitengo cha mavazi, akakifufua, na ule mkusanyiko wa masupastaa wa Mei, Met Gala, ambao leo watu wanakesha kwenye simu kuchambua nani kavaa nini ulianza kupata ule ung'aro wake mikononi mwake.

Tukizungumzia kutumia hela vibaya lazima tufike kwa Fleur Cowles. Huyu aliolewa 1946 na Gardner Cowles, mwenye jarida la Look lililokuwa linauza sana Marekani, na akamwambia mumewe nataka jarida langu. Mume akampa. Februari 1950 likatoka Flair, bei senti 50, na jalada lina tundu. Tundu kabisa, karatasi imekatwa, unachungulia unaona kilichopo ukurasa wa ndani, ukifungua picha inabadilika maana. Ndani kuna kurasa za nusu, kurasa za kukunja, kijitabu ndani ya jarida, karatasi ya aina hii halafu inayofuata aina nyingine, toleo la waridi linanukia waridi. Wachangiaji ni akina Cocteau na Dalí. Aliyepanga sura alikuwa Federico Pallavicini, ila ukiangalia lile jarida ni kama umeingia chumbani kwa mwanamke mmoja mwenye vitu vingi ambaye hataki kutupa hata kimoja.

Matoleo 12 tu. Januari 1951 likafungwa, limekula kama dola milioni mbili na nusu, maana kila kopi ilikuwa inagharimu zaidi ya zile senti 50 za mnunuzi. Mahesabu gani hayo? Wanaume wa magazeti walifurahi sana, ndo mambo ya kumpa mke kampuni. Na mimi kwa upande wa biashara nakubaliana nao, huwezi kuuza maandazi kwa bei chini ya unga. Lakini hebu angalia kilichofuata, watu wa dizaini hawajaacha kukusanya yale matoleo 12, na kila jarida lenye jalada la kukunja au ukurasa wa kunusa au tundu linalochungulia linaitwa limemkumbuka Flair. Look lenyewe lililokuwa linaingiza hela, ambalo lilifungwa 1971, taja jalada lake moja unalolikumbuka. Fleur mwenyewe aliishi mpaka 2009, miaka 101, akiwa Uingereza anachora maua na chui, na chumba chake cha kazi kimejengwa upya pale Chuo Kikuu cha Texas, Austin.

Ukiniuliza tofauti ya Fleur na Daisy iko wapi nitakwambia iko kwenye malighafi. Dhahabu na yakuti hata ukizidizaini vibaya bado zina bei, unaweza kubomoa ukaanza upya. Karatasi ukikosea imekula kwako. Ndo maana kwenye vito hawa wamama walionekana wana akili ya kuwekeza na kwenye majarida wakaonekana wafujaji, wakati ni jicho lilelile na ubishi uleule wa kurudi kwa sonara mara nne.

Wapo pia walioshika vyuma wenyewe. Millicent Rogers, mjukuu wa mmoja wa wakubwa wa kampuni ya mafuta ya Standard Oil, alikuwa na kila pini na kila jina la Paris, afu mwaka 1947 akahamia Taos, New Mexico, akaanza kukusanya vito vya fedha na feruzi vya Wanavajo na Wazuni, wenyeji wa asili wa kule, na yeye mwenyewe kutengeneza vito, vizito, vya kikatili kidogo, kama vimeokotwa. Alifariki mapema 1953, jumba la makumbusho lenye jina lake likafunguliwa baadaye palepale Taos. Hapo ndo utaona lile tatizo langu limegeuka mgongo: jina la tajiri liko mlangoni, na wahunzi wengi wa Kinavajo waliotengeneza zile bangili mkusanyaji alizonunua hawakuwahi kuandikwa popote.

Na hilo ndo linalonizuia kuwapigia hawa wamama vigelegele mpaka mwisho. Septemba 1951 kule Venice kulikuwa na sherehe ya mavazi ya tajiri Charles de Beistegui kwenye jumba la Labia, moja ya sherehe zilizopigwa picha sana karne ile. Daisy, miaka 61, akaenda kama "Malkia wa Afrika". Gauni la Dior, manyoya kichwani, na shingoni ule mkufu. Cecil Beaton akampiga picha. Niliiangalia ile picha muda mrefu. Mawe yamechongwa India, yamepita Paris, hela ya awali imetoka kwenye cherehani ambazo mama zetu walikuwa wanazilipia kidogo kidogo wakishona sare za shule, na mwanamke mwenyewe amesimama pale anasema yeye ndo Afrika. Amependeza, ndo kinachouma zaidi.

Daisy alifariki Desemba 1962. Mwaka uliofuata binti yake akaurudisha mkufu dukani wabadilishe, ile kamba ya hariri itoke, kiwekwe kishikizo cha kawaida, akaja kuvaa yeye. Baada ya hapo ukatulia mpaka 1991, ukaibuka mnadani Geneva, na walioununua ni Cartier wenyewe. Sasa hivi unazunguka kwenye makumbusho na maonyesho duniani ndani ya kioo, na chini yake kuna kile kibandiko kidogo, Cartier Paris, 1936, kikatajwa kwamba ulibadilishwa 1963. Kabla ya tarehe kuna maneno mawili wengi wanayapita bila kuyasoma: oda maalum.